Kabla ya kutweka tanga: jinsi ya kusoma upepo wa Korongo la Columbia

Simu inasema upepo ni noti 12, yaani kama kilomita 22 kwa saa. Unafika ukingoni pale mjini Hood River, unakuta mto umejaa povu jeupe na watu wanahangaika na matanga madogo kabisa waliyo nayo. Kesho yake simu inasema tena noti 12. Unafunga safari, na safari hii maji yamelala kama yamemwagiwa mafuta. Simu haikukudanganya. Ilikupa wastani wa upepo wa eneo pana, mto na magenge na milima vyote kwa pamoja, wakati wewe ulitaka kujua kinachopita ndani ya mfereji mmoja wa mawe wenye maji chini yake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayepanda ubao wa tanga, kaiti au bawa la mkono katika Korongo la Columbia, pale mto unapokata Milima ya Cascade na kuyagawa majimbo ya Oregon na Washington nchini Marekani. Ninataka ukimaliza kusoma uweze kutabiri mwenyewe kwa kulinganisha mgandamizo wa hewa wa pande mbili za milima, usibaki mateka wa tarakimu moja ya simu.

Kwanza, ujue upepo huu unatoka wapi

Usiruke sehemu hii. Asiyejua chanzo cha upepo hata vipimo vyote akipewa havitamsaidia.

Korongo lina urefu wa kilomita zipatazo 130, na kuna mahali kuta zake zinapanda hadi mita 1,200. Ndilo pengo pekee la Milima ya Cascade lililo karibu na usawa wa bahari. Magharibi yake uko mji wa Portland na, mbele zaidi, Bahari ya Pasifiki yenye maji baridi. Mashariki yake ni nyanda kavu. Kiangazi jua linazichoma nyanda hizo, hewa yake inapata moto na kutanuka, inakuwa nyepesi, na mgandamizo unashuka. Magharibi hewa ya bahari inabaki baridi na nzito, na nyuma yake kuna eneo la mgandamizo mkubwa linaloelea juu ya Pasifiki Kaskazini msimu mzima. Hewa nzito inataka kwenda kwenye wepesi. Milima inaizuia. Mlango uliobaki wazi ni mmoja tu, na wewe umesimama mlangoni.

Mvuvi anayetoka na umande, yaani upepo wa nchi kavu, alfajiri na kurudi na upepo wa bahari alasiri anaijua kanuni hii tangu utotoni. Tofauti ni kwamba hapa upepo wa bahari umebanwa kwenye mrija, ndiyo maana unakuwa mkali kuliko ulivyokuwa ufukweni.

Kwa hiyo swali la kila asubuhi si "upepo ni noti ngapi?" Swali ni "upande wa magharibi ni mzito kuliko mashariki kwa kiasi gani, na pengo hilo litakua au litapungua mchana?"

Hatua ya kwanza: linganisha Portland na The Dalles

Viwanja vya ndege hutoa taarifa ya hali ya hewa kila saa, kwa maandishi ya mkato yanayoitwa METAR. Ni bure na ziko wazi kwa kila mtu. Unahitaji vituo viwili: KPDX, ambao ni uwanja wa Portland, na KDLS, uwanja unaobeba jina la mji wa The Dalles ingawa wenyewe umejengwa ng'ambo ya mto, upande wa Washington. Kimoja kiko magharibi ya milima, kingine mashariki.

Tuseme umepata mistari hii miwili ya mfano:

KPDX 191953Z 31008KT … A3004 … SLP174
KDLS 191953Z 28019G29KT … A2992 … SLP132

Isome hivi. Tarakimu 191953Z ni tarehe 19, saa 19:53 kwa saa za dunia. Kiangazi toa saa 7 upate saa za huko, yaani saa sita na dakika 53 mchana. Majira ya baridi toa saa 8. Usipofanya hesabu hii utakuwa unasoma upepo wa jana ukidhani ni wa leo, na kosa hilo nimeliona likiwapoteza watu wazoefu.

Kundi la 28019G29KT ni upepo: unatoka nyuzi 280, yaani karibu magharibi kamili, wastani noti 19, dharuba, yaani vishindo vya ghafla vya upepo, zikifika 29. Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, sawa na kilomita 1.85 kwa saa. Wenyeji wengi wa korongo huzungumza kwa maili za kawaida kwa saa, na noti 20 kwao ni 23, hivyo kabla ya kumwamini mtu uliza anahesabu kwa kipimo gani.

Sasa njoo kwenye kiini. SLP ni mgandamizo ulioletwa kwenye usawa wa bahari. Tarakimu zikiwa ndogo, tanguliza 10, kisha weka nukta kabla ya tarakimu ya mwisho: SLP174 ni milibari 1017.4, na SLP132 ni 1013.2. Zikiwa kubwa, kama SLP982, tanguliza 9, upate 998.2. Katika mfano wetu Portland inaizidi The Dalles kwa milibari 4.2. Magharibi ni nzito, kwa hiyo upepo ni wa magharibi, nao una nguvu ya kutosha. Kituo kikikosa SLP, tumia A3004 na A2992, ambazo ni inchi za zebaki 30.04 na 29.92. Inchi moja ni milibari 33.86, kwa hiyo tofauti ya 0.12 ni kama milibari 4. Chunga usichanganye SLP ya kituo kimoja na A ya kingine, maana hazikokotolewi kwa njia moja.

Milibari chache tu zinatosha kuujaza mto povu. Lakini kinachosema zaidi kuliko tarakimu ya saa moja ni mwendo wake. Chukua ya saa moja asubuhi, ya saa tatu, ya saa tano. Pengo likiwa linapanuka kadiri nyanda zinavyopata joto, alasiri itakuwa nzuri. Likiwa kubwa asubuhi halafu likaanza kusinyaa kabla ya adhuhuri, ingia majini mapema, kwa sababu ulichokiona asubuhi ndicho kilele.

Ukiona Portland ni nyepesi kuliko The Dalles kiangazi, weka tanga pembeni au jiandae kwa upepo wa mashariki. Hali hii huja na mawimbi ya joto kali. Eneo la joto na mgandamizo mdogo linahama kutoka nyanda za mashariki na kuvuka hadi upande wa Portland, na mlango unakosa wa kuusukuma. Mgeni huona Portland inaungua kwa joto akadhani joto jingi ndio upepo mwingi. Ni kinyume chake. Unachotaka ni joto mashariki na ubaridi magharibi. Siku ambayo wimbi la joto linavunjika na hewa ya bahari inarudi kwa kishindo, hiyo ndiyo siku ya kulala na vifaa vimefungwa juu ya gari.

Hatua ya pili: tazama mawingu yanaishia wapi

Hewa ya bahari huingia na blanketi lake la mawingu ya chini. Picha za setilaiti ya GOES-18, inayoangalia upande wa magharibi wa Marekani, hutolewa kila dakika tano mchana kutwa. Fungua picha ya kawaida ya mwanga wa jua na utafute ukingo wa mashariki wa blanketi hilo.

Mawingu yakiwa yamejaa Portland na kuishia kabla ya Hood River, huku mashariki anga ni safi, umepata mpangilio unaoutaka: kivuli upande mmoja, tanuri upande wa pili. Yakiwa yamesukumwa hadi kupita Hood River na tabaka lake ni nene, mara nyingi upepo mzuri umehamia mashariki. Usikae Hood River ukilalamika. Endesha hadi Rufus, kama kilomita 70 kuupanda mto, au mbele zaidi hadi Arlington. Na kama hakuna wingu hata moja kuanzia pwani hadi nyandani, rudi kwenye mgandamizo kabla ya kuwa na matumaini.

Moshi wa moto wa misituni nao una sauti yake. Ukitanda mashariki unaziba jua, nyanda hazipati moto wa kutosha, na upepo uliotabiriwa unaweza kuja dhaifu. Zaidi ya hapo, mapafu yako hayana kipuri.

Hatua ya tatu: soma modeli ukijua ukubwa wa jicho lake

Modeli ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa huigawa dunia kwa vyumba. Modeli ya dunia nzima ya Marekani, GFS, ina vyumba vya takriban kilomita 13. Chumba kimoja cha namna hiyo kinaumeza mto, kuta zote mbili za korongo na misitu ya juu, kisha kinatoa tarakimu moja kwa vyote. Hii ndiyo ile noti 12 ya simu yako. Hata hivyo GFS ina kazi yake: siku nne au tano kabla, inakuonyesha mifumo mikubwa inaelekea wapi, na kama ni wiki ya kuomba ruhusa kazini.

Ukibakiwa na siku mbili au moja, hamia HRRR, modeli nyingine ya Marekani yenye jicho kali zaidi. Vyumba vyake ni vya kilomita 3, na inakokotolewa upya kila saa. Mikokotoo ya saa 00, 06, 12 na 18 za dunia inafika mbele saa 48, mingine inaishia saa 18. Hata kilomita 3 ni pana kuliko mto ulivyo pale Hood River, kwa hiyo haitakuambia kwamba ukuta fulani unakinga upepo, lakini angalau inalijua korongo lenyewe. Mimi huangalia mikokotoo mitatu inayofuatana. Yote ikisema upepo unaanza saa nane mchana, ninaamini. Ikiwa kila mmoja unasema lake, ninarudi kwenye vituo viwili na mawingu.

Kisha soma maelezo ya wataalamu wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa. Ofisi ya Portland inahudumia upande wa Hood River, ya Pendleton inahudumia kuanzia The Dalles kwenda mashariki. Mbali na ramani, hutoa andiko refu ambamo mtabiri anaeleza anachokishuku na kwa nini. Aya mbili za binadamu anayekiri kwamba modeli zinapingana zina thamani kuliko picha kumi za rangi.

Hatua ya nne: mto una mwendo wake, na unabadilisha kila kitu

Hapa ndipo watu waliozoea bahari au ziwa wanapojikwaa.

Columbia unatiririka kuelekea magharibi. Upepo wa kiangazi unatoka magharibi. Viwili hivi vinakutana uso kwa uso, na faida zake ni tatu. Ya kwanza ni mawimbi: mkondo ukisukumwa na upepo wa kinyume unasimamisha mawimbi marefu yenye mpangilio, ambayo huwezi kuyapata mtoni kwa njia nyingine. Ya pili, mkondo unakusukuma kuelekea joshi, yaani upande upepo unakotoka. Mtu ambaye ziwani hawezi kupanda joshi bila kubisha, yaani kukata upepo huku na huku, mara ishirini, hapa anajikuta amerudi alipoanzia bila jasho. Ya tatu wachache wanaifikiria. Ukiwa juu ya maji yanayokwenda noti 2 dhidi ya upepo wa noti 15, tanga lako linahisi 17.

Sasa geuza. Upepo wa mashariki unakwenda na mkondo. Noti 15 zile zile zinakuwa 13 kwenye tanga, mawimbi yanalala, na kila dakika unayokaa majini bila kusonga inakupeleka demani, upande upepo unakoelekea. Watu hushangaa kwa nini utabiri ulikuwa sahihi na wao hawakuweza hata kusimama juu ya ubao.

Povu nalo linadanganya kwa sababu hiyo hiyo. Baharini, vilele vyeupe vya hapa na pale huanza kwenye noti 7 hadi 10, na vikizagaa kila mahali ni 17 na kuendelea. Mtoni, upepo ukipingana na mkondo, povu huja mapema kuliko vipimo hivyo. Vikienda pamoja, povu huchelewa. Angalia mwelekeo wa upepo kwanza, ndipo uhesabu povu.

Nguvu ya mkondo haiko sawa mwaka mzima. Wastani wa mwaka pale The Dalles ni kama mita za ujazo 5,400 kwa sekunde, lakini theluji ya milimani inapoyeyuka, hasa Mei na Juni, maji huwa mengi zaidi, kisha hupungua sana mwisho wa kiangazi. Mabwawa pia yana sauti: Bonneville liko chini ya Hood River, The Dalles liko juu yake, na kiasi wanachofungulia maji hubadilika ndani ya siku moja. Takwimu za mabwawa hutangazwa kila siku. Ziangalie pamoja na upepo. Mwezi Juni wenye maji mengi, upepo wa wastani tu unakupa mawimbi ambayo Agosti ungeyapata kwa upepo mkali.

Na lipo jambo la kukaa kichwani muda wote: upepo ukikatika, mkondo haukatiki. Utapelekwa magharibi, upande ule ule upepo ulikotoka, mbali na gari lako. Kabla hujaingia chagua mahali pa kutokea palipo chini ya mto, siyo pale ulipoingilia peke yake.

Hatua ya tano: chagua ukingo, kisha chagua tanga

Kutoka magharibi kwenda mashariki, sehemu zinazotajwa zaidi ni Stevenson, Viento, kisha Swell City na Hatchery zilizo upande wa Washington, Hood River yenyewe, Doug's Beach, Maryhill, Rufus na Arlington. Jina Viento lina hadithi ninayoipenda. Ni neno la Kihispania la upepo, lakini kituo cha reli kilichobeba jina hilo kilipewa kwa kuunganisha herufi mbili mbili za mwanzo za majina Villard, Endicott na Tolman, watu wa reli. Upepo ulikuwepo, jina likaangukia mahali pake.

Hood River, kwenye mdomo wa mto unaobeba jina hilo hilo, kuna fungu kubwa la mchanga lililopanuliwa na mafuriko ya Novemba 2006, na watu wa kaiti huanzia hapo. Anayejifunza aanze mahali penye ukingo mpole. Swell City na Hatchery zina mawe na mawimbi ya watu wanaojua wanachofanya.

Kuhusu ukubwa wa tanga, nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa mwendo wake. Kutoka noti 20 hadi 30 nguvu haiongezeki kwa nusu, inakuwa mara 2.25. Ndiyo maana kwenye ule mfano wa 28019G29KT tarakimu ya kuogopa ni 29. Chagua tanga kwa kutazama dharuba zaidi ya wastani, hasa pengo kati ya hizo mbili likizidi noti 8 au 10.

Kanuni rahisi ya kichwani: kwa mtu mmoja, ukubwa wa tanga ukizidishwa kwa noti hutoa jibu lisilobadilika sana. Kama mita 5 zinakufaa kwenye noti 20, jibu lako ni 100, basi kwenye noti 25 anza na mita 4. Kama kaiti ya mita 9 inakufaa kwenye noti 20, jibu ni 180, na kwenye noti 15 utataka ya 12. Tafuta jibu lako mwenyewe kwa uzito wako na ubao wako. Foili, lile bawa la chini ya ubao linaloinua ubao juu ya maji, hushusha hesabu hii sana, ihesabie kivyake.

Hatua ya sita: dakika kumi za kusimama

Ukifika, usifungue mfuko. Simama ukitazama mto dakika kumi kamili. Dharuba zinakuja kila baada ya muda gani? Kati yake watu wanazama au wanaendelea kuteleza? Walio majini wana matanga ya ukubwa gani, na wanarudi wakitabasamu au wakibadilisha? Ukiona mstari mweusi wa maji unasogea kutoka magharibi, hiyo ni dharuba inayokuja, ipime inachukua muda gani kukufikia.

Kisha tazama matishari. Columbia ni njia kuu ya mizigo, na tagi linalosukuma matishari ya ngano haliwezi kukukwepa wala kusimama haraka. Nyuma yake kuna kivuli cha upepo kitakachokuangusha mahali pabaya kabisa. Mpishe mapema. Kaa mbali na mabwawa pia, kuna maeneo yaliyofungwa kabisa kwa vyombo na watu.

Ngurumo ikisikika, toka. Subiri nusu saa baada ya ile ya mwisho ndipo urudi. Mvua za radi za mashariki hutupa mbele yao upepo wa ghafla ambao hakuna tofauti ya mgandamizo iliyoutabiri, na upepo huo haufuati mwelekeo uliouzoea.

Majira ya baridi, pindua kila kitu

Kati ya Novemba na Februari hewa baridi hujikusanya kwenye nyanda za mashariki kama maji kwenye bakuli, na bahari ndiyo inakuwa upande mwepesi. KDLS inaizidi KPDX, upepo unatoka mashariki, na ukali wake uko mwisho wa magharibi wa korongo, karibu na Rooster Rock na Troutdale. Kituo cha KTTD, uwanja wa Troutdale, ndicho cha kutazama. Hesabu ni ile ile, ishara tu imegeuka.

Lakini maji wakati huo huwa ya nyuzi chache tu juu ya kuganda, tofauti na Agosti yanapopita nyuzi 20. Ukianguka kwenye maji ya baridi kali, dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi, na takriban dakika kumi ndizo ulizonazo kabla vidole havijakataa amri. Vaa kwa ajili ya maji, siyo kwa ajili ya jua lililo juu ya maegesho, na usiingie peke yako.

Daftari

Chukua daftari, na kila siku uliyoenda mtoni andika mstari mmoja: tofauti ya milibari saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, ukingo wa mawingu, maji yaliyofunguliwa The Dalles, ulikoingilia, tanga ulilotumia, na kama lilikuwa kubwa au dogo. Andika pia siku ulizobaki nyumbani, kisha jioni uangalie vituo uone kama ulikosea au ulipatia. Baada ya msimu mmoja utakuwa na jedwali lililopimwa kwa mwili wako na kwa ukingo unaoupenda. Langu lilinifundisha kwamba sehemu ninayoipenda huamka saa nzima baada ya pengo kupanuka, kwa hiyo siku hizi nikiona milibari zinapanda sikimbii. Ninakula kwanza.